Wanawake tunaobeba makanisa: tukilemewa sisi, nani anatubeba?

Binti Sayuni

Wakuu, shalom. Uzi huu umenikaa kichwani muda mrefu, leo naumwaga ulivyo.

Makanisa mengi ukihesabu vichwa ibadani, wanawake ni wengi kuliko wanaume. Maombi ya katikati ya wiki ndiyo usiseme. Jikoni siku ya harusi au msiba, huko hata kuhesabu ni kupoteza muda. Sijaja kulalamikia hilo. Wengi wetu kazi hizo tunazipenda, na wengine tumemjua Mungu humo humo tukiwa tumeshika ufagio. Ninachouliza ni hiki: huyu anayewahudumia wote, siku anaugua yeye, au ndoa imevunjika, au mimba imetoka, au amechoka tu kiasi kwamba hata kuomba hawezi, anaendelea kuwa mshirika au anakuwa pengo kwenye ratiba ya zamu?

Yaliyonipata mimi ni haya. Niliacha kwaya kwa sababu mama yangu aliugua na mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Sikugombana na mtu. Nilimuaga kiongozi, akasema pole, Mungu akutie nguvu. Baadaye nikatolewa kwenye kundi la simu la kwaya, kwa utaratibu wao kwamba asiyehudhuria mazoezi anaondolewa. Wala sikukasirika. Nilikuja kushtuka baadaye sana, nilipogundua kwamba taarifa zote za maana, nani kalazwa, nani kafiwa, nani ana shida, zilikuwa zinapita kwenye makundi ya huduma. Matangazo ya Jumapili ni michango na ratiba. Kwa hiyo mama alipofariki, waliojua ni wachache wenye namba yangu. Niliporudi ibadani nilipokelewa kwa uchangamfu mkubwa, "dada umepotea sana", halafu nikaulizwa mama anaendeleaje.

Ukimchukua mmoja mmoja pale, hakuna mwenye kosa. Ndiyo maana naona jambo hili ni zito kuliko habari ya watu wabaya. Kanisa lilinijua kwa kazi, kazi ilipokwisha likawa halina njia nyingine ya kunijua.

Naomba tuchangie kwa mambo yaliyotokea. Mahubiri tutayasikia Jumapili. Wanaume karibuni. Suala la wanawake kuwekewa mikono kuwa wachungaji na mapadre tuliache kando, likiingia litakula uzi mzima.

Fundi Bomba

Litaingia tu mleta uzi. Nakaa hapa nasubiri ukurasa wa pili.

Chumvi Kidogo

"Umepotea sana." Anayekwambia hivyo ana namba yako tangu kambi ya vijana na hajawahi kukupigia.

Pole kwa msiba, Binti Sayuni. Hata kama ni wa zamani.

Nesi wa Zamu

Mimi kazi yangu inajieleza kwenye jina. Usiku, wikiendi, sikukuu. Kwetu "mshirika hai" ni yule anayeonekana. Nilipompeleka mwanangu kubatizwa, mzee aliyekuwa zamu akaniuliza habari ya mahudhurio. Nikamwangalia. Huyo huyo mzee nilimhudumia wodini Jumapili asubuhi, saa ya ibada kabisa. Alipokumbuka tukacheka wote wawili na mtoto akabatizwa. Lakini nimebaki najiuliza: ile Jumapili nilikuwa nimekosa ibada au nilikuwa ibadani?

La pili ni zito zaidi. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa imeshaonekana, watu wameshanipongeza. Walikuja wamama wa kanisa, na nasema kwa heshima kabisa, walikuja haraka kuliko ndugu zangu. Ila maneno yao! "Mungu atakupa mwingine." "Labda hakuwa mzima, Mungu amekuepusha." "Shukuru, wengine hawashiki kabisa." Kila sentensi ilikuwa na haraka ya kunifikisha mahali pa kushukuru. Alikuja mama mmoja ambaye hata si kiongozi wa chochote. Akaosha vyombo, akakunja nguo, akaniuliza kama nilikuwa nimempa mtoto jina. Nikamwambia. Akalitaja lile jina kwenye sala fupi sana, akaondoka. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitamka kwa sauti isipokuwa mimi, mume wangu na yeye.

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaosema kanisa halijali. Linajali, kuna wakati linajali mpaka linakuchosha. Kukaa kimya na mtu ndiko hatujafundishwa.

Binti Sayuni

Nesi, hili la jina limenifikia mbali.

Kuna kitu nimekiona kwako: mwenye kufiwa na mtu mzima ana ibada ya mazishi, ana siku za watu kuja, ana nyimbo. Mwenye mimba iliyotoka hana chochote kwenye kitabu cha ibada cha kwetu. Akipata faraja ni bahati ya kumpata mama kama huyo.

Mkatoliki wa Kawaida

Kwa upande wetu kidogo kipo, ila waamini wengi hatuambiwi. Kanuni ya 1183 ya Sheria za Kanisa inamruhusu askofu mahalia kutoa kibali cha mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza lakini akafa kabla. Nimekutana na wanawake waliobeba kwa miaka mingi imani kwamba mtoto wao "hakustahili" sala kwa sababu hakubatizwa. Hakuna aliyewaambia hivyo kutoka altareni. Walikisia, kwa sababu wote walinyamaza.

Na ukimya huo unafanya vibaya mahali pengine pia. Wanawake walioachana na waume zao hujiondoa wenyewe kwenye Komunyo, wakidhani kutengana peke yake kunawazuia. Si kweli. Aliyetengana, au hata aliyepewa talaka ya serikali bila kuitaka, akiwa hajaingia kwenye muungano mwingine, hazuiwi Ekaristi kwa sababu hiyo. Nina shangazi aliyekaa nyuma kanisani miaka na miaka, wenzake wakipanda kupokea yeye anainama. Alipomuuliza padre hatimaye, jibu lilichukua dakika moja.

Chumvi Kidogo

Dakika moja. Na miaka yote hiyo watu wanamwona anainama, kila mtu ana tafsiri yake kichwani.

Asiye na Jina

Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Sitaeleza mengi.

Mume wangu ni mtu anayeheshimika kanisani. Nyumbani alikuwa ananipiga. Nilipeleka jambo kwa viongozi. Tuliitwa wote wawili, tukakalishwa chumba kimoja, nikaambiwa nieleze mbele yake. Nikaeleza nusu. Yeye akalia, akaomba msamaha, wakatushikanisha mikono wakaomba. Niliambiwa mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake, na kwamba Mungu anachukia kuachana. Usiku ule nilipigwa kwa sababu ya ile nusu niliyoisema.

Niliondoka baadaye. Kinachoniumiza mpaka leo ni kwamba yeye bado anasoma somo madhabahuni, na mimi ndiye niliyehama kanisa. Watoto wangu wanauliza kwa nini hatuendi tena kwa marafiki zao.

Mzee wa Baraza

Dada hapo juu, pole sana. Naomba nami niseme nikiwa mtu niliyekaa kwenye mabaraza hayo. Si kwamba wazee hawana moyo. Tunaletewa mambo ya ndoa bila mafunzo yoyote, na mara nyingi tunasikia pande mbili zinazopingana kabisa. Ukimwambia mke aondoke, kesho utaambiwa kanisa limevunja nyumba. Kanisa kazi yake ni kupatanisha. Pia tusisahau kuna kesi za uongo.

Nesi wa Zamu

Mzee, kwa heshima zote. Mtu anayepigwa hapatanishwi chumba kimoja na anayempiga. Hata kazini kwetu tunamtenganisha mgonjwa na aliyemleta ndipo tunamuuliza, maana tunajua mbele ya huyo mtu hatasema ukweli. Kwanza awe salama. Pili atibiwe na maumivu yaandikwe na daktari, kwa sababu kesho ndiyo ushahidi. Tatu aulizwe yeye anataka nini. Na popote atakapolala, mume asiambiwe hata kama anaomba kwa machozi. Hilo si suala la kuamini upande gani. Kama mke anasema uongo, mume atakuwa amelala peke yake siku chache. Kama anasema kweli na ninyi mkamrudisha, mnaweza kwenda kumzika.

Chumvi Kidogo

Na ule mstari wa Malaki 2:16 ningeomba usomwe wote. Watu hukata kwenye "nachukia kuachana", wakaishia hapo. Mstari unaendelea, na anayefuata kutajwa kuwa anachukiwa ni yule anayefunika nguo yake kwa udhalimu. Sura nzima inawakemea wanaume waliowatendea hila wake wa ujana wao. Inakuwaje andiko lililoandikwa kumtetea mke linatumika kumfungia ndani?

Mkatoliki wa Kawaida

Kuongezea: Kanuni ya 1153 inasema mwenzi akileta hatari kubwa ya roho au mwili kwa mwenzake au kwa watoto, huyo mwenzake ana sababu halali ya kutengana naye, na kama kuchelewa kuna hatari anaweza kuondoka kwa uamuzi wake bila kusubiri kibali. Na hilo ni kanisa linalosifika kwa msimamo mkali juu ya ndoa. Kwa hiyo "Kanisa linakataza kuondoka" ni maneno ya watu, sheria yenyewe haisemi hivyo.

Mzee wa Baraza

Nimesoma. La kutenganisha wakati wa kuhoji nalikubali, ni la maana. La mtu kubaki madhabahuni wakati tuhuma zinaendelea nalo tungeweza kumsimamisha bila kumhukumu, tunafanya hivyo kwenye mambo ya fedha. Bado nasema kanisa lina wajibu wa kupatanisha, ila labda si kwanza.

Asiye na Jina

Asante. Sikutegemea kusomwa.

Mama wa Nyumba ya Misheni

Naomba nafasi. Mume wangu ni mchungaji. Jina la akaunti linatosha, msinitafute.

Mnaposema nani anawahudumia wanaohudumia, mimi naanzia mbali zaidi: mchungaji wangu ni nani? Mume wangu ni mchungaji wa kila mtu. Siku tukikwaruzana, asubuhi yake anapanda madhabahuni na mimi nakaa benchi la mbele nikitabasamu, kwa sababu uso wangu ni taarifa ya habari kwa washirika. Nikikonda, wanasema nyumba ya mchungaji haina amani. Nikinenepa, wanajua sadaka imeenda wapi.

Sikuajiriwa na kanisa. Lakini kuna mambo ishirini yanayodhaniwa kuwa ni yangu kwa sababu nimeolewa: umoja wa wanawake, wageni, shule ya Jumapili ikikosa mwalimu, wasichana wenye matatizo, kukaa na mgonjwa. Sikukataa hata moja, na mengine yana furaha kubwa mno, nisidanganye. Nimeshika mikono ya wazee wakiaga dunia na singebadilisha saa zile na kitu chochote. Ila nyumba tunayoishi ni ya kanisa. Nimeona mwenzangu amefiwa na mume, mchungaji mwenzake na mume wangu, na kabla machozi hayajakauka akaja kuulizwa lini anahama kwa sababu mchungaji mpya anakuja. Walimwuliza kwa upole sana. Alikuwa ametumika pale maisha yake yote ya ndoa, na kwa karatasi hakuwahi kuwa mtu wa pale.

Siri zangu nazipeleka kwa mke wa mchungaji wa dhehebu lingine kabisa. Tulikutana kwenye ibada ya Siku ya Maombi ya Dunia, ile ya Ijumaa ya kwanza ya Machi ambayo kila mwaka inaandaliwa na wanawake wa nchi moja. Naishukuru siku hiyo. Yeye hawajui washirika wangu, nami siwajui wake.

Binti Sayuni

Mama, heshima kwako. Hilo la nyumba sikuwahi kuliwaza.

Umenikumbusha kuwa Mothers' Union ya Waanglikana ilianzishwa na mke wa mchungaji, Mary Sumner, mwaka 1876 huko Uingereza. Alikuwa ameona jinsi mwanamke anavyoachiwa kazi ya umama bila msaada, akaita wanawake wa hali zote, wenye mali na wasio nayo, wakae chumba kimoja. Sasa angalia upande wa pili: chama hicho hicho kwa miaka mingi hakikumpokea mwanachama aliyepewa talaka, mpaka miaka ya 1970 walipobadili katiba. Yaani mwanamke aliyekuwa na shida hasa ya ndoa ndiye aliyebaki nje ya chama cha kusaidia akina mama. Walibadilika, wamefanya vizuri. Lakini vyama vyetu vingi vya kanisani bado viko pale walipokuwa wao kabla ya kubadilika.

Fundi Bomba

Niulize kitu, msinirarue. Mimi mwanaume, nilipoachishwa kazi hakuna aliyekuja pia. Si kwamba ni tatizo la wote?

Chumvi Kidogo

Ni la wote ndugu, na pole. Tofauti ni kwamba wewe ulipokosa kutembelewa, waliotegemewa kukutembelea walikuwa ni hao hao wamama. Hakuna aliyejiuliza wazee wanaume wako wapi.

Fundi Bomba

Hapo umenipiga. Endeleeni.

Msabato Mpole

Samahani naingiza kile kilichokatazwa, ila naona hakikwepeki. Kanisa letu lilianzishwa na watu ambao mmoja wao ni mwanamke, Ellen G. White, na maandishi yake tunayasoma kila siku. Mwaka 2015 huko San Antonio, Marekani, tulipiga kura kama kila divisheni, yaani kanda kubwa ya kanisa letu, iruhusiwe kuamua yenyewe kuwawekea wanawake mikono, na hapana zikashinda, 1,381 kwa 977. Mwanamke anaweza kutuongoza kwa maandishi kizazi baada ya kizazi, lakini wajumbe wakashindwa kukubaliana kuhusu mikono. Sisemi nani yuko sahihi. Nasema binti yangu aliniuliza na sikuwa na jibu fupi.

Fundi Bomba

Nilisema! Na ukurasa wa pili hatujafika.

Nesi wa Zamu

Basi nami niweke langu niondoke. Oktoba 2025 Waanglikana wa Uingereza walitangaza Askofu Mkuu wa Canterbury wa kwanza mwanamke, Sarah Mullally. Kabla ya upadre alikuwa muuguzi, tena muuguzi mkuu wa serikali ya Uingereza. Siku hiyo wodini tulitembea kifua mbele, hata wasio Waanglikana.

Mtumishi wa Zamani

Na 1 Timotheo 2:12 mmeiweka wapi? Mwanamke haruhusiwi kufundisha wala kumtawala mwanamume. Tukianza kuchagua mistari tutaishia pabaya.

Mkatoliki wa Kawaida

Ndugu Mtumishi, mimi niko kanisa ambalo halina mapadre wanawake na Yohane Paulo II alilifunga suala hilo kwa barua mwaka 1994, kwa hiyo huna haja ya kunishawishi. Hata hivyo kanisa hilo hilo mwaka 2016 liliipandisha siku ya Maria Magdalena kuwa sikukuu kama za mitume, kwa sababu yeye ndiye aliyewapelekea mitume habari ya ufufuko. Mwaka 2021 likafungua rasmi huduma za usomaji na utumishi wa altareni kwa wanawake. Oktoba 2023 wanawake wakapiga kura kwenye Sinodi ya Maaskofu kwa mara ya kwanza. Upadre ni swali moja. Nani anakaa mezani kanisa linapoamua juu ya wajane, fedha na watoto ni swali lingine, na hilo la pili Timotheo hajalizuia.

Binti Sayuni

Hapo hapo. Nilitaka kuukwepa mjadala huu kwa sababu hii: unaweza kuwa na askofu mwanamke na bado mama wa usafi akaugua bila mtu kujua. Na unaweza kuwa kwenye kanisa lenye msimamo wa Ndugu Mtumishi na ukatunzwa vizuri mpaka kaburini. Nimeona yote mawili.

Ila meza ina uzito wake. Kwenye Matendo 6 wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane waongeze maombi au wawe na shukrani. Walikubali kwamba utaratibu una kasoro, wakateua watu saba kwa kazi hiyo, na majina ya waliochaguliwa yanaonekana kuwa ya Kiyunani, yaani wa upande uliokuwa unalalamika. Kwenye kamati ya huduma ya kanisa lenu, nani anatoka upande unaosahauliwa?

Mtumishi wa Zamani

Hilo la Matendo 6 halina ubishi. Mimi napinga madhabahu tu.

Chumvi Kidogo

Nani ataongelea maombi ya umbea? Au mpaka nianze mimi?

Unampa mtu siri yako "tuombe pamoja". Alhamisi unaisikia kwenye kikundi: "Tumkumbuke dada yetu mmoja, sitamtaja jina, anaishi karibu na shule, mume wake anasafiri sana, anapitia kipindi kigumu." Wote wanafumba macho, na wote wanajua. Halafu mwombaji mwingine anaongezea taarifa ambazo hata wewe hukuwa nazo, katikati ya sala! Mungu anaelezwa mambo kama vile alikuwa safarini.

Hii ndiyo inayotufanya wengi tuchague kukaa kimya. Ukiomba msaada kanisani bei yake ni habari yako.

Mkatoliki wa Kawaida

Hahaha, "Mungu alikuwa safarini". Kwa Wakatoliki kitubio kina siri isiyovunjwa kwa sababu yoyote, lakini watu wanachanganya. Mazungumzo ofisini kwa padre au kwenye jumuiya hayako chini ya muhuri ule. Ni adabu tu inayoyalinda, na adabu zinatofautiana.

Mama wa Nyumba ya Misheni

Mimi nina sheria moja kwenye kikundi changu: ombi la mtu analileta mwenyewe, au ametuma kwa maneno yake tunayasoma yalivyo. Hakuna kumwombea mtu kwa maelezo. Ukimjua mwenye shida na hajaruhusu, mwombee chumbani kwako. Mwanzoni vipindi vilikuwa vifupi ajabu. Baadaye watu wakaanza kuleta mambo ya kweli.

Bado Nangoja

Nimesoma tangu mwanzo. Sina mtoto, na umri umeshakwenda.

Ombi langu ni kwamba nimechoka kuitwa Hana. Kila anayetaka kunifariji ananiletea Hana, kwa sababu kwake habari inaishia na Samweli. Mimi nikisoma 1 Samweli 1 nakaa zaidi kwa Eli. Kuhani anamwona mwanamke anaomba kwa uchungu, midomo inacheza, na anachokiona ni mlevi. Hekalu zima hakuna aliyemwelewa, hata mume aliyempenda alimwambia kwani mimi si bora kwako kuliko watoto kumi. Lakini Eli ana kitu kimoja kizuri: alipoelezwa, aligeuza kauli palepale, akambariki. Naye Hana aliondoka, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mtoto hakuwa amepatikana bado. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya habari hiyo, na sijawahi kuisikia ikihubiriwa.

Siku ya Mama ndiyo ngumu kuliko zote. "Wamama wote wasimame tuwaombee." Nasimama au nakaa? Nikikaa, wanageuka kuniangalia. Mwaka mmoja mtoto wa shule ya Jumapili alileta ua, akafika kwangu, akasita, akamwangalia mwalimu wake. Mwalimu akamtingishia kichwa apite. Sasa siku hiyo nabaki nyumbani, na ni Jumapili ninayoihitaji kanisani kuliko nyingine.

Nesi wa Zamu

Loh. Yule mwalimu.

Fundi Bomba

Mimi ni baba wa watoto wanne na sijawahi hata siku moja kuwaza nani amebaki amekaa.

Chumvi Kidogo

Dada, sisi mwaka jana tulibadilisha na haikuwa kazi kubwa. Hakuna kusimama. Maua yako mlangoni, anayetaka anachukua, awe mama au binti au mjane au mwanaume aliyefiwa na mama yake. Kwenye sala wanatajwa waliozaa, waliolea wasiowazaa, waliopoteza mtoto, wanaotamani na hawajapata, na wale ambao mama zao waliwaumiza. Wapo waliolalamika kwamba tumeharibu sikukuu. Walizoea.

Binti Sayuni

Kabla uzi haujashuka chini, kuna mtu amejaribu kitu kuhusu lile swali la kwanza? Njia ya kumjua mtu isiyopitia kwenye kazi?

Mzee wa Baraza

Sisi tulijaribu. Tuligawa orodha nzima ya washirika, wanaotumika na wasiotumika, kila mtu akawa na wawili wa kumpigia angalau mara moja kwa mwezi hata kama hakuna tatizo. Paulo mwenyewe alikuwa na orodha ya wajane, 1 Timotheo 5, kwa hiyo orodha si jambo la ulimwengu kama wengine walivyosema. Ilifanya kazi miezi ya mwanzo. Baadaye ikagundulika wanaume wengi waliopangwa kupiga simu walikuwa wanawapa wake zao wapige kwa niaba yao.

Mama wa Nyumba ya Misheni

Sikushangaa hata kidogo.

Mzee wa Baraza

Tumeanza upya, safari hii kila mwanaume anapiga kwa wanaume na wazee wa jinsia zote, na anaripoti mwenyewe kwenye baraza. Wawili wameshajiuzulu. Tunaendelea na waliobaki.

Asiye na Jina

Mzee, kwenye orodha hiyo, waliohama bila kuaga mnawapigia?

Mzee wa Baraza

Hapana, huwa tunafuta jina baada ya mwaka. Nitalipeleka kikao kijacho. Wewe ungependa upigiwe na nani, mwanamke au mtu yeyote?

Asiye na Jina

Mwanamke. Na asiniulize nitarudi lini.

Bado Nangoja

Chumvi Kidogo, ile sala ya Siku ya Mama mnaweza kuiweka hapa yote? Nataka kumtumia mchungaji wetu mapema, kabla ratiba haijapangwa.

Chumvi Kidogo

Naiandika jioni nikitoka kazini. Ni fupi, haifiki nusu ukurasa. Mtumie na maelezo ya maua mlangoni, maana kwetu hayo ndiyo yaliyobishaniwa kuliko sala.